Bahasha Iliyochapwa Kichwa Chini

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoinamia taipureta ya mwalimu mkuu, ukaomba maji ya kunywa, na maji yakafika umeshaondoka. Tulikuwa tumepanga kuandika maneno machache tu ya kukukumbuka: picha yako ile uliyovaa tai, mistari mitatu chini yake, basi. Lakini wiki saba zilizopita alikuja mgeni, na tangu aje maneno machache hayatutoshi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kitinda mimba wako, yule uliyemwita Msomi hata kabla hajajua kusoma, alikuwa uani anaanua nguo. Akasikia mtu anabisha mlango wa mbele, ule ambao sisi wenyewe tumeusahau kwa kupitia uani. Alipofungua akamkuta bibi mfupi, mkavu, mkoba umebanwa kwapani, amesimama kama mtu aliyekuja kudai haki yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa Fundi Bahasha?"

"Ndipo. Karibu ndani."

"Sikai. Nimekuja kumgombeza, nikimaliza naondoka. Niitie."

Msomi akabaki na nguo mkononi. Bibi akaendelea, maana hasira yake alikuwa ametoka nayo mbali. "Mtu ananiandikia miaka kumi na tisa. Kila baada ya miezi miwili, hakosi. Halafu ananyamaza mwaka mzima, kimya! Hata kama nimemkosea, si aseme? Mtu huaga."

"Bibi," Msomi akasema, "Baba alifariki. Mwezi ujao unatimia mwaka."

Bibi hakulia. Alikaa pale pale kwenye kizingiti, akavua kiatu kimoja, akakishika mapajani kama mtu aliyesahau alitaka kukifanya nini. Kisha akasema, "Na mimi nimekuja njia nzima namtukana." Mama alitoka, akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti chako. Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu siku ile. Tuliona kimepata mtu anayefaa.

Tukwambie ukweli, Baba: hatukuwa tunamjua. Hatukuwahi kulisikia jina lake. Au pengine ulitutajia mara mia, sisi tukaitikia "ndiyo Baba, ndiyo Baba" huku macho yetu yakiwa kwenye simu. Hilo ndilo linalotuuma mwaka huu kuliko mengine yote.

Kwa wasiokufahamu, inabidi tueleze. Baba yetu alikuwa fundi wa taipureta. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la vioo vya kupandisha, meza ndefu, brashi za kila ukubwa, na harufu ya mafuta mepesi ambayo mpaka leo ukifungua kabati lake la nguo inakupokea. Maofisi yalipohamia kwenye kompyuta, wenzake walijifunza kutengeneza kompyuta. Yeye alikataa. Alisema mashine isiyotoa sauti huwezi kujua inaumwa wapi.

Na alikuwa mkusanyaji. Watu walipomwita mkusanyaji wa stempu alikasirika. "Stempu ni ngozi tu," alikuwa akisema. "Mimi nafuga mnyama mzima." Alichokipenda ni bahasha na kadi ambazo posta ilizitoa kiwandani zikiwa zimeshachapwa stempu juu yake, stempu isiyobanduliwa wala kubandikwa, imezaliwa pamoja na karatasi. Sheria yake ilikuwa moja: bahasha haikatwi. Ukikata stempu ukaacha bahasha, umeua.

Unakumbuka, Baba, mwizi alipoingia karakana? Alichukua redio na feni, akaacha albamu saba mezani, wazi. Majirani walikuja kukupa pole na kusema ushukuru. Wewe ulinuna siku mbili. "Kafungua, kaangalia, kaacha! Yaani kaona hazifai!" Na Mama akasema mbele ya wote, "Mimi hapa ni mke mdogo. Bi mkubwa yuko ndani ya albamu." Na Kaka Mkubwa alipopokea barua ya kwanza ya mchumba wake, ulisimama mlangoni ukisubiri bahasha kabla hata hajajua kilichoandikwa ndani. Alipofika mwisho wa barua amejaa machozi ya furaha, ukamuuliza, "Sasa umemaliza? Lete."

Lakini kwenye kazi ulikuwa mpole. Mwanafunzi akileta taipureta ya kuazima, uliitengeneza ukamwambia alipe akishapata kazi, na hukuwahi kumuuliza tena. Ofisi nyingi uliziambia zisikulipe. Zikufungulie tu ghala la makaratasi ya zamani, ukae humo saa moja. Ulitoka na vumbi mpaka kwenye nyusi, na bahasha mbili tatu umezishika kwa ncha za vidole kama vifaranga.

Katika ghala moja la namna hiyo ndimo ulimopata ile iliyotukutanisha na bibi huyu.

Yeye mwenyewe alitusimulia, chai ikipoa mbele yake. "Mimi ndiye niliyeichapa. Nilikaa kwenye ile mashine ya kuchapa stempu miaka sita. Siku hiyo mtoto wangu alikuwa na surua, sikuwa nimelala siku mbili. Nikaweka fungu moja la bahasha limegeuka, sikujua. Badala ya stempu kukaa juu kulia ilivyo desturi, ikakaa chini kushoto, kichwa chini. Msimamizi akaziona kabla yangu. Akazichoma ndani ya pipa uani, wote tumesimamishwa tunatazama. Mimi nikaambiwa nichukue kanga yangu niende nyumbani. Sikuonyeshwa hata moja."

Pakiti chache zilikuwa zimeshatoka kiwandani. Moja ya bahasha hizo uliipata wewe, na ulipoipata hukutosheka. Uliulizia kiwanda hadi ukajua ni nani aliyekuwa kwenye mashine, ukamwandikia kumwambia kwamba kosa lake lipo, ni zima, na limetunzwa vizuri.

"Nilidhani ni mtu wa kunidhihaki," bibi akasema. "Nikamjibu, na mimi nataka kuiona. Akanijibu, ninayo moja tu, siwezi kuitoa, lakini nikipata ya pili, moja ni yako. Nikamwambia, usiahidi usichonacho. Miaka kumi na tisa, kila barua lazima aniandikie, 'Bado natafuta.'"

Kaka Mkubwa, ambaye unamjua hana pazia mdomoni, akauliza, "Lakini bibi, samahani. Unaitaka ya nini? Si ndiyo iliyokufukuzisha kazi?"

"Mwanangu, nimechapa bahasha miaka sita. Ngapi hizo? Sijui. Watu wamezichana wakatoa barua zao, wakazitupa, ndiyo kazi yake, siwalaumu. Katika jasho langu lote, kilichobaki duniani ni hicho nilichokosea. Nataka nikae nacho. Ni hivyo tu."

Kisha akafungua mkoba, akatoa barua yako ya mwisho, uliyoiandika siku tisa kabla hujatutoka. Msomi aliisoma kwa sauti. *Dada yangu, nimeipata ya pili. Nimeitazama mpaka macho yakauma, ndiyo yenyewe. Nimeiweka katikati ya bahasha nzima zenzake isije ikakunjika. Siiamini posta kwa hii. Mvua zikikatika nitakuletea kwa mkono wangu.*

"Baba!" Kaka akapiga paja. "Baba huyu huyu? Haiamini posta?"

Tulicheka, Baba. Tulicheka wote, hata bibi, mpaka Mama akacheka hadi kicheko kikamgeukia kikawa kilio.

Msomi peke yake hakucheka. Alikuwa ameshajua bahasha ya pili iko wapi.

Wiki moja baada ya kukuzika tulitaka kuwaandikia barua za shukrani waliokuja msibani, wa mjini na wa mbali. Kaka akatoka chumbani kwako na boksi la viatu. "Baba kaacha bahasha mpya kabisa, na stempu ziko juu yake. Za kununua za nini?" Tuliona ni jambo zuri hata, watu wapokee shukrani katika kitu chako. Msomi ndiye mwenye mwandiko mzuri, akaandika anwani zote arobaini na mbili. Pale posta karani akatwambia stempu zile zilishakufa zamani, haziwezi kusafirisha hata salamu. Tukanunua mpya, tukazibandika ubavuni mwa zile za zamani, tukatuma.

Arobaini na mbili, Baba. Safi, hazijawahi kuguswa na kalamu. Ungekuwepo ungeanguka mara ya pili.

Na katikati ya fungu ilikuwepo moja ambayo stempu yake ilikaa chini, imepinduka. Msomi, akili yake ikiwa bado msibani, alisema, "Hii mbovu." Kaka akasema, "Mpe mtu wa nyumbani, hatajali." Wakaiandika jina la rafiki yako wa ujana, Fundi Saa.

Msomi aliyasema hayo yote palepale, mbele ya bibi, bila kujikinga. Bibi akamsikiliza, kisha akainuka na kutafuta mkoba wake. "Basi, achaneni nayo. Mwenyewe hayupo, deni limekwenda naye. Nashukuru nimewaona."

"Hapana, bibi," Msomi akasema. "Baba alikuahidi. Mimi nakuahidi. Utaipata, na nitakuletea kwa mkono."

Kaka akamkanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kaka hakumkanyaga bure. Miezi michache baada ya msiba, mhifadhi wa makumbusho ya posta alikuja kuziona albamu zako. Ni mama mmoja mtaratibu, miwani yake ina kamba. Alizifungua moja baada ya nyingine akisema "vizuri, vizuri," mpaka alipofika kwenye ile ya kichwa chini akanyamaza kabisa. Mwisho akasema makumbusho wako tayari kuuchukua mkusanyo wote, ile ikiwemo, na kuupa chumba chake, jina lako mlangoni. Na kwa kuwa Msomi alisomea utunzaji wa kumbukumbu, na kwa kuwa hakuna aliyekulia na makaratasi hayo kama yeye, kazi ya kuutunza ingekuwa yake. Msomi amemaliza chuo mwaka wa pili sasa. Ameandika maombi ya kazi mengi kuliko bahasha tulizoziharibu. Siku ile alikwenda karakana, akafunga mlango, akakaa humo, tulimwacha. Mkataba ulikuwa usainiwe mwisho wa mwezi ule aliokuja bibi.

Kwa hiyo Jumatatu alikwenda kwa Fundi Saa akiwa na matumaini ya mtu anayekwenda kuchukua kitu chake.

Alimkuta kwenye kibanda chake cha kioo, lenzi jichoni. "Ala! Binti wa Bahasha! Kaa hapo, usipumue, nina skrubu ndogo kuliko dhambi ya mtoto." Akamaliza, akavua lenzi. Msomi akamuuliza kama bado anayo ile barua ya shukrani.

"Barua? Niliyo nayo ni zaidi ya barua." Akainama chini ya meza, akaibuka na kikopo cha vipuri. Uso wake uling'aa. "Nilikuwa nangoja mwaka utimie niwaletee. Najua rafiki yangu alivyopenda stempu. Nikasema barua hizi watu watazitupa. Nimewazungukia wote ninaowajua waliozipata, nikaziomba. Nimekata mwenyewe, kwa mkasi wa saa. Tazama kingo hizo! Hata mashine haikati hivyo."

Ndani ya kikopo mlikuwa na vipande kumi na kimoja vya mraba, kila kimoja stempu yako ya zamani, vimekatwa kwa unyoofu wa kutisha. Bahasha zenyewe hazikuwepo.

"Na ile yako, baba," Msomi akauliza, "ile ya kichwa chini?"

"Ee, ile niliicheka! Nikasema watoto hawa kwa majonzi wametuma hata iliyoharibika. Lakini sikuitupa. Nimeikata, nikaigeuza, sasa imekaa sawa. Imo humo humo. Huwezi hata kuijua."

Kweli hakuijua. Alivipanga vipande vyote kumi na kimoja juu ya kioo cha meza na vyote vilikuwa sawasawa. Kosa lile halikuwa ndani ya stempu. Lilikuwa mahali ilipokaa kwenye bahasha. Ukishaikata, kosa limekwisha, na yule bibi hayumo tena.

Msomi alimtazama mzee yule aliyezunguka mji mzima akiomba bahasha kwa watu kwa sababu ya mapenzi yake kwako. Akafunga kikopo. Akasema, "Asante sana, baba. Umetufanyia jambo kubwa." Akalia njiani, mwendo wote.

Baadaye Fundi Saa tulimweleza. Ilibidi, tusingeweza kuandika haya bila yeye kujua. Aliuweka chini ule mkasi wake. Kisha akasema tuandike yote, tusimfiche, ili mwingine yeyote mwenye nia njema na mkasi asome kwanza. Ameomba tukwambie, Baba, kwamba anakuomba radhi. Sisi tumemjibu kwa niaba yako, kwa sababu tunajua ungemwambia nini: ungemwita mnyama, kisha ungemwagizia chai.

Ikabaki moja. Ile ya kwanza, ya kwenye albamu.

Tulikaa Jumapili mchana kuzungumza, Mama akipiga pasi, Kaka akizunguka meza.

"Bibi mwenyewe kasema tuachane nayo," Kaka akasema. "Kasema kwa mdomo wake."

"Baba hakusema."

"Baba alisema akipata ya pili! Ya pili iko wapi? Imekatwa. Basi, hakuna ya pili, hakuna ahadi."

"Aliipata, Kaka. Tukaipoteza sisi. Mimi. Mwandiko ni wangu."

"Tumpe kopi ya rangi, basi. Kwa macho yale ataijua wapi?"

Mama akamrushia kitambaa cha pasi, kikamkaa kichwani. "Mjinga wewe. Ameichapa yeye, asiijue?"

Kaka akakitoa kitambaa, akakaa. Sasa alizungumza taratibu, na tukaona kwamba muda wote alikuwa anaogopa. "Msomi, nisikilize. Chumba kina jina la Baba mlangoni. Wajukuu zake watakwenda na shule, watalisoma. Na wewe una kazi. Kazi ya kweli, uliyoisomea. Unajua ni lini nyingine itakuja? Mimi sijui."

"Hata mimi sijui."

"Na unataka kuitoa bahasha hiyo?"

Msomi aliinamia meza. Alikuwa ameifungua albamu kwenye ukurasa ule. Akasema, "Baba akiwa na chumba, na yule bibi akawa hana kitu, kile chumba ni cha nini? Nitakuwa nawaeleza nini watu wanaoingia?"

Kaka akamgeukia Mama. "Mama, sema wewe."

Mama akaisimamisha pasi. "Nimeishi na makaratasi hayo miaka thelathini na nane. Sikuyapenda hata siku moja, Mungu anisamehe. Lakini sikumwona baba yenu akimwambia mtu 'nitakupa' halafu akamzungusha. Hilo nalo ni lake, kama albamu zilivyo zake. Mkilitoa hilo mtakuwa mmempeleka makumbusho nusu mtu."

Kaka akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Haya. Lakini ukikosa kazi usije ukanililia mimi."

"Nitakulilia wewe wewe."

"Najua."

Msomi alikwenda mwenyewe makumbusho, hakutaka kupiga simu. Mhifadhi alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani. Alijaribu kutafuta njia, hatumlaumu. "Bibi huyo aje aitazame hapa. Tutamfungulia kabati, aishike akitaka, siku yoyote, bila kulipa kiingilio."

"Alisema anataka kukaa nayo, mama. Si kuitembelea."

"Unajua nitakachokwambia."

"Najua."

"Mkusanyo wa baba yako bila hiyo ni mzuri, mwanangu. Lakini mizuri ninayo mitatu ghalani, imefungwa kamba. Chumba ni kimoja." Akaivaa tena miwani. "Na nafasi ya kazi inakwenda na chumba. Si roho mbaya."

"Si roho mbaya," Msomi akakubali. Mhifadhi alimsindikiza mpaka getini, na pale getini akamshika bega, akarudi ndani.

Albamu zako saba zimerudi kwenye rafu ya karakana, Baba. Jina lako haliko kwenye mlango wowote isipokuwa ule uliouandika mwenyewe kwa rangi ya buluu, ambao herufi moja imeshachubuka.

Juzi Alhamisi Msomi alipanda basi la asubuhi. Bahasha aliilaza katikati ya kadibodi mbili, akazifunga kwa utepe wa pamba, akazipakata mapajani saa sita nzima. Abiria wa pembeni akamuuliza kama amebeba vyeti vyake. Alifika mchana. Bibi anakaa chumba cha nyuma kwa mwanawe wa kwanza, yule yule aliyekuwa na surua. Sasa ni mtu mzima mwenye kipara, fundi seremala, na ndiye aliyempokea Msomi na kupangusa maranda kwenye kiti.

Msomi akafungua utepe, akaiweka mezani. Hakusema ni ya kwanza au ya pili. Bibi hakuuliza.

Hakuigusa. Aliinama juu yake muda mrefu, mikono nyuma, mpaka mwanawe akaanza kuhangaika mlangoni. "Mama, kuna nini? Siyo yenyewe?"

"Nyamaza."

Akaizunguka meza, akasimama upande wa pili ili stempu imtazame wima. Akaomba miwani ya mwanawe, akaivaa juu ya yake. Akasogeza uso hadi pua ikakaribia karatasi.

"Tazama mistari hii," akasema. Hakuwa anazungumza na mtu yeyote mle ndani. "Tazama hapa pembeni. Wino haujavuja hata mahali pamoja. Haujafifia. Mgandamizo sawa juu, sawa chini." Akainua kichwa, akamtazama Msomi kama aliyemkuta pale kwa bahati. "Sikuwahi kuiona, mwanangu. Miaka yote nilijua niliharibu. Kumbe ilikuwa kazi safi hivi."

Kisha akakaa, akaivuta karibu yake, akaweka kiganja kando ya bahasha, na hapo ndipo Msomi alipoaga.

Tunakukumbuka, Baba: mkeo, ambaye sasa anavifuta vumbi vitu vyako mwenyewe na hamwachii mtu, mwanao mkubwa, fundi wa majokofu, anayejifanya hakulia, mkewe, ambaye barua yake ya kwanza unayo mpaka leo, bahasha tu, wajukuu zako watatu, ambao hawachani tena kitu chochote kilichofungwa bila kuuliza, rafiki yako Fundi Saa, dada yako wa barua, ambaye tumempata tukiwa tumechelewa, na kitinda mimba wako, Msomi, ambaye bado anatafuta kazi na hajutii.

Tungali na wewe mioyoni, Baba, na humo hutatoka.